Viti vya Kivulini

"Upande gani, dada?" muuza tiketi aliniuliza, akinisogezea mchoro wa majukwaa. Viti vilivyochukuliwa alikuwa ameviziba kwa kalamu nyekundu. Kushoto mwa barabara vilibaki viwili, safu ya mbele, juani. Kulia vilibaki vinne, chini ya turubai.

Mimi ni fundi cherehani. Sare za bendi ya kanivali nilizishona mwenyewe, na nilijua wapiga tarumbeta hutembea kushoto, huku katikati likienda lori la ngoma, refu, limezungushiwa mbao. Anayekaa kulia tarumbeta huzisikia tu, hazioni.

Na baba aliniagiza nini? "Mwanangu, nitafutie pahali nitakapomwona mdogo wako."

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alifukuzwa na baba miaka tisa kabla, kwa maneno ambayo hata jirani hasahau. Sasa alikuwa mpiga tarumbeta, na mwezi ule alituma neno kupitia kiongozi wa bendi: nyumbani hakanyagi, ila akimwona baba jukwaani atatoka mstarini ampe mkono.

Baba alifurahi mpaka akaomba anyolewe ndevu. Miaka mitatu nilikuwa namwogesha, namgeuza kitandani, namlisha uji kwa kijiko, na asubuhi hadi jioni ni mdogo wako hivi, mdogo wako vile. Nilikuwa na donge, sikatai. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni mwa baba nilikuwemo mimi.

"Kulia," nikasema. "Nina mgonjwa, hawezi kukaa juani."

Siku ya gwaride baba alivaa koti lake la harusi, likampwaya kama limetundikwa msumarini. Macho yake yalikuwa yamebaki ya kuona vya karibu tu. Bendi ilipokaribia alinishika bega, akasimama. Lori likapita mbele yetu, taratibu, likinguruma, na tarumbeta zikapita upande wake wa pili.

"Amepita?"

"Bado, baba."

Akangoja. Walipita wacheza sarakasi, wakapita watoto wenye maputo.

"Amepita?"

"Bado. Kuna bendi nyingine nyuma."

Haikuwepo. Baada ya watoto walikuja wafagiaji na mikokoteni yao, na watu wakaanza kukunja miavuli. Baba alikuwa bado wima, mkono wa kulia ameutanguliza kidogo, tayari kupokea mkono.

"Basi hakutaka," alisema hatimaye, akakaa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bendi ilikuwa haijafika hata mwisho wa barabara, ningeweza kukimbia nikamwite. Nikamfunga baba vifungo vya koti, nikamrudisha nyumbani.

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya gwaride. Mdogo wangu alifika makaburini kabla ya kila mtu. Tulipokuwa tukisubiri jeneza alinivuta kando.

"Dada, nilimtafuta jukwaa lote la kushoto, uso kwa uso, mpaka nikapotea kwenye wimbo. Alikuwa amekaa wapi?"

Mpaka leo sijui kwa nini sikutubu pale pale.

"Tiketi nilimkatia," nikamwambia. "Nikambembeleza. Akakataa."

 Wakati wa kufukia mdogo wangu alichukua koleo, na wajomba walipotaka kumpokea hakuliachia, alifukia peke yake mpaka udongo ukaisha.