Chakula cha Wifi

Mdogo wangu ana miaka thelathini na minane na hajaoa, kwa hiyo kinyonga wake nilimwita Wifi tangu siku ya kwanza aliponionyesha. Alicheka, jina likashika. Wifi anaishi kwenye kizimba cha wavu karibu na dirisha la sebule ya mdogo wangu. Jicho moja hunitazama mimi, jingine hutazama ukuta. Nimeshatazamwa hivyo na mawifi wa kweli, kwa hiyo haikunisumbua.

Kisha mdogo wangu, ambaye ni mchora mabango, akaanguka kutoka kwenye ngazi akimalizia herufi ya mwisho ya jina la duka la viatu. Mfupa wa paja ukavunjika. Daktari alisema wiki sita kitandani. Pale wodini, kabla hata hajalalamikia maumivu, akaanza habari za Wifi.

"Dada, usimzoeshe chakula kimoja. Leo nyenje, kesho panzi, keshokutwa mende. Wale funza wa nta ni wa kumwonjesha tu, mmoja kwa wiki. Ni mafuta matupu. Akiwazoea atasusa vingine vyote, na mifupa yake italainika."

"Nimekusikia."

"Huyo ndiye anayenisubiri nyumbani. Sina mwingine."

Nilimsikia, ila mimi ni fundi wa makochi. Miaka ishirini nafumua makochi ya watu, na mende wote niliopangiwa kukutana nao maishani nimeshakutana nao. Kopo lao, jeusi, limezungushiwa utepe, sikuligusa hata kwa kidole. Nyenje nilijaribu. Mmoja aliruka akaingia kwenye blauzi yangu, na waliobaki nikawamwaga dirishani. Kukimbizana na panzi hata sikukufikiria. Wakabaki funza wa nta, wanene, weupe, wametulia kwenye pumba zao kama watu waliokuja kumsalimia mgonjwa. Wifi aliwapenda. Asubuhi watano, jioni watano, ulimi unatoka chap. Nikajiambia, mtu anakula na anafurahi, shida iko wapi?

Kila alasiri saa ya kuona wagonjwa ilipofika, mdogo wangu aliuliza, "Leo je?"

"Mende wawili," nilijibu siku ile ya kwanza, bila hata kupepesa macho.

Kesho yake nikaongeza chumvi. Mende mmoja alikuwa amejificha nyuma ya jani, Wifi akamzunguka taratibu, mguu mmoja hewani. Vitanda vya jirani vikanyamaza kusikiliza. Mimi ambaye zamani nilikuwa nikimtembelea kwa dakika tano, mkoba begani, sasa nilikaa mpaka muuguzi atufukuze. Nikiwa njiani kurudi nilitunga ya kesho, na nikiri tu kwamba nilikuwa nafurahia.

Wiki ya tatu, Wifi alimlenga funza, ulimi ukatoka nusu ukaanguka. Akajaribu tena. Akashindwa tena. Akateremka tawi la chini, akafumba macho mchana kweupe, na macho yenyewe yalikuwa yamebonyea.

Nikavaa glavu zangu za kazi nikabandua utepe wa kopo la mende. Ndani mlikuwa na vipande vya trei ya mayai na maganda ya karoti yaliyokauka. Mende, hakuna. Nikadhani wametoroka kupitia matundu ya hewa. Nilipindua nyumba nzima, nikafumua hata kochi lake ambalo nililitengeneza mwenyewe. Hata mmoja sikumwona.

Nilifika hospitali nimenywea. "Mende wako wamepotea," nikamwambia. "Na sijawahi kumpa Wifi hata mmoja."

Alijiinua kwenye mto. "Mende niliwagawa wiki moja kabla sijaanguka. Nilisahau kukuambia."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tangu wale wawili wa kwanza."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unakaa, Dada." Alivuta shuka kidogo. "Nikasema moyoni, nyenje wapo, Dada hawezi kumwacha na njaa. Acha asimulie."

"Nyenje niliwamwaga dirishani," nikasema.

"Kwani umekuwa ukimpa nini?"

"Funza."

"Na nini tena?"

"Funza tu."

Uso ukamshuka. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Aliuliza, "Ulimi?"

"Haufiki."

Alitazama plasta ya mguu wake, kisha akanieleza polepole, akirudia kila neno. Funza basi kabisa. Nitafute panzi wadogo, niwalishe majani mabichi usiku mmoja ili washibe, niwanyunyizie unga wa kalsiamu wa kuimarisha mifupa ulio kwenye droo, nimshikie Wifi panzi karibu na mdomo ili asihangaike kurusha ulimi. Na maji ya kupuliza, asubuhi na jioni.

Asubuhi mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi za kiwanja kitupu, chujio la chai mkononi. Jirani mmoja alipita akauliza kama nimepoteza hereni.

"Natafuta chakula cha wifi yangu," nikamjibu. Alikaza mwendo.

Siku ya kwanza Wifi alinipa mgongo. Siku ya pili aligeuza jicho moja tu, akalifumba. Nilikaa pale na panzi kwenye kibano mpaka mkono ukafa ganzi. Nikamwambia, "Wifi, nimekosa." Nilikuwa naogopa kweli. Mdogo wangu angerudi na magongo yake kwenye nyumba yenye kizimba kitupu, na mimi ndiye ningemfungulia mlango.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alisogea hatua moja. Akayumba, kama kawaida ya vinyonga. Ulimi haukuruka. Alifungua mdomo tu akamshika panzi kwa taya, akaanza kutafuna.

Sikungoja alasiri. Nilimbembeleza mlinzi wa hospitali, nikaingia na majani magotini. Mdogo wangu aliponiona saa isiyo yangu, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Amekula panzi," nikasema.

"Wangapi?"

Zamani ningesema wanne, na kila mmoja na kisa chake.

"Mmoja. Mdogo. Na mguu mmoja aliutema."

Alijifunika macho kwa mkono, akalia. Hakuwa amelia hata siku ya mfupa.