Viatu vya Eugene vya Kuendea Ukweni

Fundi wa viatu hukuona kuanzia chini. Musimbi, pale kibandani pake mtaani Mashimoni, karibu na kioski cha maji, aliona kwanza kandambili, halafu mfuko wa karatasi, na macho yalipofika usoni moyo ukamruka. Uso ule alikuwa ameuona kwenye simu ya binti yake.

"Sasa mum? Ni mimi Eugene. Eugene wa Valentine." Kijana akanyoosha mkono.

Musimbi akarudisha wake nyuma kama aliyegusa jiko la moto. Akageukia kopo la gundi.

Mtu wa kwao Musimbi angeelewa papo hapo. Kwa Waluhya, mama hashikani mikono na anayemwoa bintiye, wala hamkazii macho. Heshima yenyewe ndiyo hiyo. Lakini Eugene ni Mkikuyu wa Gatina, kule Kawangware, kwao wana ploti ya nyumba za kupangisha, na hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Mkono wake ukabaki hewani, kisha ukaingia mfukoni polepole.

"Valentine alisema unatengeneza viatu," akasema, sauti imeshuka. "Lakini naona nimekosea kuja. Wacha niende."

Jumamosi ndiyo alikuwa aje nyumbani na wazee wake kuposa. Akiondoka hivi, Musimbi alijua, atafika Kawangware akiamini amekataliwa, na hakutakuwa na Jumamosi yoyote. Amwambie nini, na hata kuongea naye sana haifai?

Aliyemwokoa ni Adhis, jirani yake wa chapati. "We kijana, rudi hapa! Hajakukataa. Siku huyu mama akikupa mkono ndiyo ulie, ujue hakutaki. Hata sisi Wajaluo tuko hivyo."

"Kwani hiyo ni heshima?"

"Heshima mpaka inauma," Adhis akasema, akageuza chapati.

Eugene akacheka kwa aibu. Akatoa viatu akaviweka chini. Vilikuwa vya ngozi, vya kufunga kamba, amevitoa kwenye mitumba ya Soko la Toi vikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Alitaka vikolee vifanane na suti yake ya kahawia, basi akavipaka kiwi nyeusi. Sasa vilikuwa na madoa kama ndizi iliyolala gengeni wiki nzima.

Musimbi akauma mdomo asicheke. Mkono ulishaanza kukifuata kiatu wenyewe, akauzuia. Kumshika mkono, hapana; na kiatu chake je? Hilo hakufundishwa, maana kule nyumbani hapakuwa na mama mkwe fundi. Akawaza, kisha akasukuma kigoda kwa mguu, akaweka juu yake kitambaa na chupa ya spiriti.

"Keti. Utafanya mwenyewe. Mimi nitaongea na kiatu."

Na akaongea na kiatu. Kwanza kiwi nyeusi itoke yote kwa spiriti, kidogo kidogo, bila kulowesha ngozi. Halafu rangi ya kahawia ijaribiwe kwenye ulimi, chini ya kamba, pasipoonekana. "Ikikubali, ipakwe nyembamba. Ikauke. Ipakwe tena. Haya madoa ni ya mtu aliyetaka giza lote mara moja."

"Mara ngapi, mum?"

"Mpaka kiatu kiseme basi."

Kilisema basi mara ya tatu. Walipokuwa wakingoja kikauke, Adhis aliwapa chai, kila mtu upande wake. Musimbi alimtazama kijana kwa pembe ya jicho. Hakuwa na haraka. Akifika kwenye mshono alishika pumzi, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Basi, akajisemea, Valentine hakupotea.

Wakamaliza kwa kiwi ya kahawia na brashi, viatu vikawa na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Eugene akavigeuzageuza, hakuamini.

"Na nifanyeje visiharibike tena?"

"Visianikwe juani. Vumbi litoke kwa brashi kabla ya kitu kingine. Na kila wiki mbili, kiwi ya kahawia."

"Hii kiwi nitaipata wapi?"

Musimbi akachukua kopo la ile kiwi, akakwaruza kitu kwenye kifuniko kwa sindano ya kushonea, akaliweka kwenye rafu, kati ya vyombo vyake mwenyewe.

"Itakaa hapa," akakiambia kiatu. "Kila wiki mbili, mwenyewe ataifuata."

Eugene akainama kusoma. Herufi zilikuwa zimepinda, lakini zilisomeka: MKWE.