Kinyozi Ashonwa Kidevu

Kinyozi aliletwa chumba cha dharura Jumapili mchana, kidevu kikichuruzika damu. Alikuwa amepanda juu ya kreti la bia akasimama kwa mguu mmoja, ili wenzake waamini kwamba hajalewa. Kreti halikuamini.

Mkewe alikaa pembeni, mkoba mapajani, midomo kaibana kama mtu aliyekwisha kusema yote njiani.

"Dada," kinyozi alimwambia muuguzi aliyekuwa akiandaa ganzi, "nishone tu. Mahubiri nimeshayapata kwenye teksi."

"Sina mahubiri. Nataka tu kujua, pombe inakupa raha gani?"

Kinyozi alipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akajieleza kwa madaha: vicheko, soga, na miguu iliyosimama kutwa inasahau uchovu.

"Na ubaya wake?"

"Upo, ila kidogo."

"Haya," muuguzi akasema, ganzi ishaingia, akianza kushona. "Sifuri mpaka kumi, una hamu kiasi gani ya kupunguza?"

"Tatu," akajibu, akingoja kugombezwa.

"Mbona si sifuri?"

Hapo akanasa. "Si kwa sababu... Jumatatu mkono unatetemeka. Wateja wakiuona wembe wanakumbuka wana safari. Juzi mmoja kaondoka na povu usoni!"

Mkewe akaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, uzi ukamvuta, akaguna. Kisha sauti ikashuka.

"Halafu binti yangu hataki tena nimbebe mabegani. Anasema nayumba."

Muuguzi akasitisha sindano. "Sasa wewe unaona ufanyeje?"

"Siku za kazi nisiguse kabisa. Jumapili chupa mbili, nikiwa nimeshakula." Akashtuka, akamgeukia mkewe. "Nani kaniingiza kwenye haya?"

"Mdomo wako mwenyewe, mume wangu."

Aliporudi kutolewa nyuzi, aliingia kwa aibu, mkewe nyuma yake. "Dada, Jumatano nilianguka. Si kwenye kreti!" akaharakisha kusema. "Wenzangu waliniita, nikanywa mpaka nikalala na viatu."

"Na siku nyingine?"

"Nimeshindia soda. Tumbo limejaa gesi kama puto."

"Basi umeweza zaidi ya ulivyoshindwa. Tuendelee?"

"Tuendelee," akasema, akishangaa kwamba hakukaripiwa. Akapapasa kovu. "Ndevu zitaota hapa kweli?"

"Sidhani."

"Afadhali," mkewe akadakia. "Pombe umepunguza, ndevu nazo zimepungua."