Mdudu Anayevaa Mabaki ya Shangazi

Alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani ya shangazi yake, tochi mdomoni, kibano mkononi, na wapangaji watatu wamesimama mlangoni na ndoo zao wakimtazama. Foleni ya bomba haikosi cha kutazama, na asubuhi nyingi kilikuwa yeye. Walimwita Bi Wadudu. Kazi yake ilikuwa makumbusho, chumba cha wadudu waliochomwa pini, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Leo mdudu wako kavaa nini?" aliuliza jirani mmoja.

"Bluu."

"Basi sare za shule."

Mdudu mwenyewe hazidi punje ya mchele. Akiwa mchanga hujibandika mgongoni nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani, akatembea kama vumbi lililoota miguu, halafu humvizia kunguni na kumnyonya. Nyumba nzima ilimpenda kwa hilo. Shangazi ndiye aliyemgundua: wiki ya sare alikuwa bluu, wiki ya gauni la harusi akawa mweupe. Akamwita Bi Wadudu, mtoto wa kaka yake, amweleze: huyu ananiiga, au ananiibia?

Makumbusho hakuna aliyejua. Bi Wadudu alipekua vitabu miaka miwili. Ndugu wa karibu wa mdudu huyo, aliyeandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita, ana miiba miwili kwenye mguu wa mbele. Hawa wa cherehani, wote thelathini na mmoja, walikuwa na mitano. Maana yake walikuwa aina mpya, isiyo na jina duniani. Katika kazi ile ni mwiko kumpa mdudu jina lako mwenyewe, ila la mwingine ruksa. Yeye alichagua la shangazi.

Siku hiyo kazini alikuta majibu ya jarida kubwa la ng'ambo alilolipelekea makala yake. Wahakiki wamevutiwa, lakini kwanza amlinganishe mdudu wake na kielelezo cha kwanza cha yule ndugu, yaani mdudu halisi aliyetumika kumpa jina. Kielelezo hicho kilikamatwa na mgeni kwenye vilima vinavyoonekana kutoka dirishani pake, na sasa kinakaa kwenye makumbusho ya ng'ambo, ambayo hayakitumi kwa posta, anayekitaka aende. Viza alishanyimwa mara mbili kwa sababu mkataba wake ni mfupi. Na ada ya kuchapisha ilikuwa mshahara wake wa miezi saba.

Chini yake kulikuwa na barua ya profesa wa huko huko. Yeye angekitazama kielelezo, chuo chake kingelipa ada. Ila jina lake litangulie kwenye makala, na mdudu apewe jina la tajiri anayefadhili maabara yake. Jibu kabla ya saa kumi.

Mkuu wa idara alimshauri akubali, tena kwa upole. Jarida kubwa lina pointi kumi, na mkataba mpya unataka kumi. Jarida la makumbusho, linalochapwa ghorofa ya chini mara moja kwa mwaka, lina sifuri.

"Jina ni jina tu, dada. Mdudu hatajua."

"Shangazi atajua, Mkuu. Huyo tajiri hajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano."

Mkuu akasogeza kiti. Hivi, alitaka kujua, mdudu akivuliwa zile nyuzi bado anaweza kuwinda? Bi Wadudu alisema hilo ndilo alilotaka kulipima mwaka ujao, kama atakuwepo.

Akashuka kwa mpiga chapa. Mzee yule aliijua sheria ya majina kuliko maprofesa wengi: jina la kwanza kuchapwa na maelezo yake, kielelezo kikatunzwa, dunia nzima italifuata, liwe limechapwa kwenye jumba au kwenye banda. Kurasa nne za mwisho za toleo la mwaka huu zilikuwa bado wazi.

"Unajua huku hakuna pointi?"

"Najua."

"Niletee picha ya mguu, basi. Isiwe nyeusi kama ya mwenzio mwaka jana."

Kabla ya saa kumi nakala zilikuwa zimegongwa muhuri wa tarehe, moja ikapelekwa maktaba. Nyingine alimtumia profesa, pamoja na shukrani.

Jioni shangazi aliisoma akiwa na pini mdomoni. Akauliza kwa nini jina lake limeongezwa mkia. Akaambiwa ni Kilatini.

"Kumbe nina Kilatini na bado nachangia choo na watu kumi na wanne." Akaipeleka karatasi karibu na taa. "Na huyo profesa wako, ataliandika hivi hivi?"

"Hivi hivi. Hata asipotaka."

Shangazi alicheka hadi pini zikamwagika, na wapangaji wakaja kuuliza kuna nini.

Bi Wadudu akaitandaza fomu ya mkataba juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa na safu ya jarida, safu ya pointi, na safu ya sahihi ya mkuu. Kwenye pointi akaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri. Safu ya mdudu haikuwepo. Akavuta rula ya shangazi, akaichora.