Maji Kwenye Chumba cha Dharura

Muuguzi Rabiata alifungua mlango wa chumba cha dharura, akapanga mabenchi, akamwambia msafishaji alete dekio mapema. Ilikuwa mwaka 1982, katika hospitali moja ya Mahajanga, na kila mgonjwa aliyekaribia kufa alitokewa na maji ya bahari miguuni. Yalipanda kutoka kwenye saruji, na kadiri hali yake ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo yalivyopanda. Wauguzi walikuwa wamezoea. Waliyadeki.

Asubuhi hiyo aliingia Zalifa, mshonaji wa Antsanitia, akitembea mwenyewe, mumewe Ousséni amemshika kiwiko. Alisema tumbo linamuuma upande mmoja, na bega pia, hajui kwa nini. Kabla hajamaliza kutaja jina lake, maji yalikuwa yamemfika vifundoni.

Mbele yake kwenye foleni alikaa ofisa wa serikali aliyejikata kidole gumba. Viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Anayefuata ni mheshimiwa," alisema daktari wa zamu.

"Daktari, tazama sakafu."

"Naiona. Mwite msafishaji."

Ousséni alikuwa akizungumza Kimalagasi na watu wote pale, lakini sasa alimgeukia Rabiata kwa Kingazija, lugha ya nyumbani kwao wote wawili. "Dada, yamefika magotini. Tusubiri mpaka yafike wapi?"

Midomo ya Zalifa ilikuwa imepauka. Rabiata alivuta kitanda cha magurudumu, akamlaza, akamsukuma mpaka chumba cha upasuaji huku ofisa akiinua miguu asiloweshwe. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Tumbo lilijaa damu. Zalifa alipona. Rabiata alipewa onyo kwa kuvuruga foleni.

"Umebahatisha tu," daktari alimwambia.

Rabiata alitaka kuthibitisha. Akamwendea muuguzi mwenzake, Tadjiddine, wakaanza utafiti. Kila mgonjwa alipoketi, mmoja alipima maji kwa rula, mwingine akapima mapigo ya moyo na presha, bila kuambiana walichopata. Walichunguza pia kama maji yanafuata kujaa na kupwa kwa bahari. Hayakufuata, yalipanda hata bahari ilipokupwa. Msimu wa mvua ulipokwisha, jibu lilikuwa wazi: maji yalipanda pamoja na mapigo ya moyo, mapema kabla presha haijashuka, na waliokufa kwenye benchi walikuwa wamekaa ndani ya maji hayo wakimsubiri mtu mkavu atibiwe. Katika zamu ambazo wauguzi waliruhusiwa kuchagua nani atangulie, karibu wote walitoka hai.

Walialikwa kusoma matokeo kwenye mkutano wa hospitali za kaskazini, katika hoteli ya Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be. Rabiata alisoma akiwa amesimama, mkurugenzi wake akiwa safu ya mbele.

Profesa mmoja aliinua mkono. "Maji hayo ni ya chumvi au matamu?"

"Ya chumvi, Profesa."

"Asante. Kazi safi sana."

Walipiga makofi. Mkurugenzi alimpa mkono, akaahidi kuchukua hatua mara moja, na Tadjiddine alicheka kwa furaha njia nzima ya kurudi.

Mkurugenzi alitimiza ahadi. Mafundi walichimba mfereji chini ya mabenchi, wakaufunika kwa wavu wa chuma na kuuelekeza baharini. Kitanda cha magurudumu kilifungwa kwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa daktari wa zamu.

Siku mfereji ulipoanza kazi, Soulé, mwoka mikate, alikaa mwisho wa benchi, kiganja kifuani. Nyayo zake zilikuwa kavu. Chini yake maji yalipita kwa nguvu hata wavu ukagongagonga.

"Daktari, huyu atangulie," alisema Rabiata.

"Sakafu ni kavu, bibie. Foleni iendelee."

"Nipe ufunguo."

Daktari alikuwa ameshamgeukia mwanamke aliyeleta mtoto wa jirani wa mkurugenzi, mwenye jipu. Tadjiddine alikwenda kulitikisa lile kufuli. Rabiata alipiga magoti, akamshika Soulé kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo yake kwa sauti ili benchi zima lisikie. Watu walisogea kidogo kumpisha. Aliendelea kuhesabu, kila pigo likichelewa kuliko lililotangulia, huku daktari akiita anayefuata.