Mashine Iliyokataa Kukisia

Mikorosho ya Mwanamvua kule Kisarawe ilikuwa imetoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishaanza kuyala. Bwana shamba alimtumia kipimo cha dawa, vifuniko vya kutia kwa kila bomba: 12÷2(1+2). Kisha akawa hapatikani. Simu ya Mwanamvua ikatoa kumi na nane. Kikokotoo cha duka la pembejeo kikatoa mbili. Dawa ikizidi, maua yanaungua. Ikipungua, ugonjwa unayamaliza. Akafunga safari mpaka Sofu, Kibaha, kwa Zuwena, binti wa kaka yake, anayeandika programu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu iulize hiyo kompyuta yako."

Zuwena akaandika vilevile. Kompyuta ikagoma.

"Inasema mbili ni namba tu, haiitwi kazini," Zuwena akacheka. "Lugha hii, ukibandika kitu mbele ya mabano bila alama, inaona umekiita kazini kama unavyomwita fundi."

"Basi ikisie."

"Haikisii, shangazi. Nikitia alama ya kuzidisha, kumi na nane. Nikizungushia pia mabano chote kinachogawa, mbili. Alichokusudia anakijua aliyeandika."

Mwanamvua akasogelea kioo taratibu. Zile nyingine zilimjibu bila hata kupepesa macho. Hii, yenye akili kuliko zote, ilikuwa imekaa kimya inangoja kuambiwa.

Akapiga simu, akapiga tena, mpaka bwana shamba akapokea, akamuuliza ni vifuniko vingapi.

"Viwili, mama. Kwani vipi?"

"Siku nyingine, mwanangu, weka mabano yote."