Kishale cha Tatu

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na moja Machi, mchana kweupe, Fundi akiwa amebakiza kidogo tu ashinde karata.

Alikuwa akicheza na kompyuta. Kompyuta ilikuwa ya marehemu mkewe, Mama Kadi, aliyeitwa hivyo kwa sababu nusu ya mji ilioa na kuzikwa kwa kadi alizochapa yeye. Alipofariki aliacha chumba cha mbele chenye kompyuta, printa na kisu cha kukatia karatasi, pamoja na mume aliyejua kusimamisha ukuta lakini aliyesoma herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Kazi haikufa. Mtoto wao wa kwanza, ambaye tangu udogoni alikuwa akiitisha kikao hata kugawana ndizi, ndiyo maana akaitwa Mwenyekiti, alitangaza kwamba duka litaendeshwa kwa mbali. Akalipia intaneti ya setilaiti, dishi likapandishwa juu ya paa. Yeye akiwa mji mkubwa, na dada yake, Nesi, akiwa nchi ya mbali anakouguza wazee wa watu wengine, wangeingia ndani ya kompyuta ya mama yao, wapange kadi, wabofye, printa iteme. Kazi ya Fundi ni kukata kingo na kumkabidhi mteja.

"Na mwizi naye akiingia?" Fundi aliuliza siku dishi lilipofungwa.

"Haiwezekani, baba. Kwa intaneti hii nyumba haina anwani yake yenyewe. Mtu wa nje hata akitaka kubisha hodi, hajui abishe wapi. Kompyuta ndiyo inayotoka, inakwenda kukaa kwa dalali huko nje, inasubiri. Mwenye neno la siri anamtajia dalali, dalali anawaunganisha."

"Kwa hiyo nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu haina anwani, ila dalali inaye."

"Ndiyo maendeleo, baba."

Kila Fundi aliposikia neno hilo, alikuwa na mazoea ya kutazama ni kitu gani chake kimeondolewa.

Basi watoto wakawa wanakuja nyumbani wakiwa vishale kwenye skrini, na Fundi akawajua kwa mwendo. Kishale cha Mwenyekiti kiliingia kama bosi aliyechelewa: hakisalimii, kinafunga karata za baba yake, kinakwenda moja kwa moja kwenye shida zake. Cha Nesi kilizunguka mara mbili pembeni kabla ya kubofya, na Fundi aliamua kwamba hiyo ndiyo shikamoo. Mvua ikinyesha, vyote viliganda, na Fundi alikaa akitazama mtoto wake aliyesimama katikati ya skrini, asijue amsaidieje.

Neno la siri alilichagua Mama Kadi mwenyewe enzi zake, na watoto wote watatu walilijua. Watatu, ndiyo. Alikuwepo pia Kitinda, wa mwisho. Mama alipougua hakuja. Kwenye mazishi alikuja, tena kachelewa. Kikao kikakaa, Mwenyekiti akiongoza, Kitinda akaambiwa aliyoambiwa. Kitinda aliondoka palepale, akabadili namba ya simu, na mpaka leo hakuna ajuaye aliko. Fundi alikilaumu sana kikao kile. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, akitikisa kichwa kukubali, hilo halikuwamo katika lawama zake.

Jumatano hiyo, basi, kishale kilianza kujiendea chenyewe. Fundi akaondoa mkono kwenye kipanya, kama mtu anayempisha mgeni kiti. Lakini karata hazikufungwa, kwa hiyo hakuwa Mwenyekiti. Wala kishale hakikuzunguka, kwa hiyo hakuwa Nesi. Kilikwenda polepole, kikasimama, kikaenda tena, kama mtu anayenyata ndani ya chumba cha mgonjwa.

Kinyozi, jirani yake, alikuwa amekuja kuazima mkasi.

"Nani huyo?"

"Simjui."

"Humjui na yumo ndani? Mzee, huyo mwizi! Au marehemu kaja kukagua kama unafuta vumbi."

"Marehemu angeanza na jikoni."

"Basi mwizi. Piga simu, au unangoja akuage?"

Fundi akapiga. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hupokea simu ya baba yake kesho yake, siku hiyo alipokea papo hapo.

"Usiguse kitu!"

Kishale kikaganda. Kikatoweka.

"Nimebadilisha neno la siri," Mwenyekiti alisema kwa majivuno. "Huyo kaisha. Hatatuingilia tena."

Kinyozi akaondoka na mkasi, ameridhika kama polisi. Ndipo Fundi alipovaa miwani kuangalia mwizi alikuwa akiiba nini.

Picha mbili zilikuwa wazi. Moja ilikuwa ratiba ya mazishi, ile aliyoipanga Mwenyekiti: Mama Kadi ameketi na watoto wawili, mkono wake wa kushoto umenyooka ukaishia hewani. Ya pili ilikuwa picha yenyewe kabla haijakatwa, na mwizi alikuwa ameikuza mpaka skrini nzima ikajaa sehemu moja tu: ule mkono, na bega la Kitinda chini yake. Mwenyekiti alisema aliipunguza ili ienee. Fundi ndiye aliyekata kingo za nakala zote, zikanyooka kama ukuta mzuri, na hakuona kitu.

Akapiga simu tena.

"Rudisha lile neno la mama yenu. Aliyeingia ni mdogo wako."

"Baba, huna uhakika. Na kwa usalama wa duka hairuhusiwi. Hilo tulipeleke kwenye kikao."

"Kikao kilichomtoa ndicho kimwingize?"

"Utaratibu ni utaratibu, baba."

Kesho yake asubuhi Nesi, aliyepewa neno jipya, alikuwa akichapa kadi za harusi, printa ikasimama imeshamtaja bibi harusi, bwana harusi bado. Mwenyekiti akapiga simu.

"Baba, mtandao umekatika."

"Haujakatika. Uko chini ya karai."

"Karai gani?"

"La zege. Nimelifunika dishi."

"Uko juu ya paa? Na magoti hayo?"

"Magoti yangu, paa langu. Neno likirudi, nashuka."

"Wateja wanasubiri, baba!"

"Tuko wengi tunaosubiri."

Chini, Kinyozi alikuwa amekusanya wateja wake, mmoja kanyolewa nusu. "Mzee, ukianguka, kadi yako atachapa nani?"

Kikao kilikaa kwenye simu, na kwa mara ya kwanza katika historia yake kikaamua haraka. Fundi akainua karai, lakini hakushuka mpaka Nesi alipompigia mwenyewe: "Limerudi, baba. Nimelijaribu. Shuka, tafadhali."

Akaketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa mtupu kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya. Alifikiri aandike WEWE NANI, akaona hilo ni swali la mlinzi wa getini. Akafikiri KWA NINI HUKUJA, akaona hilo ni la kikao. Mwishowe aliandika maneno mawili kwa kidole kimoja, herufi kubwa, akauacha ukurasa wazi.

Kishale cha kwanza kuja kilikuwa cha Mwenyekiti, mbio kama kawaida. Kilipofika kwenye ukurasa kikasimama. Kilisimama hata Fundi akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Hakukuwa na wingu. Aliporudi, kilikuwa kimeusogeza ukurasa pembeni kidogo, hakikuufunga, kikaendelea na kazi.

Cha Nesi kilizunguka mara mbili, kikazunguka tena. Simu ikalia.

"Baba, umemwandikia nani?"

"Anayeingia."

"Mbona hata mimi naingia."

"Basi soma."

Nesi akaanza kucheka, akaacha. Akasema zamu yake imefika, akakata simu. Wateja wakaja, wakachukua kadi zao, wakaondoka. Kishale cha tatu hakijaonekana bado. Ukurasa uko palepale pembeni ya skrini, na kila anayeingia anaupita:

UNAKUJA LINI?